Ufunguo wa Pili

Kazi yangu ni kupandisha watu mlimani na kuwashusha wakiwa hai. Nikisema hivyo sokoni Moshi watu hutabasamu, maana wanamwona mwanamke mfupi anayegombania bei ya nyanya. Sijali. Mlima unanijua. Lakini katika miaka yangu yote ya kuongoza wageni, siku niliyotetemeka kuliko zote sikuwa kileleni wala hapakuwa na theluji. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, simu mkononi, nasubiri picha moja ifunguke.

Simu ndiyo iliyoanza. Mume wangu huendesha lori la mizigo, na mpaka wa Tunduma unamjua kuliko sebule yake mwenyewe. Binti yetu alipomaliza darasa la saba, baba akarudi na simu janja ndani ya boksi, akampa mtoto wa miaka kumi na mitatu kama anayempa biskuti. Niliwaka. Nikamwambia umemfungulia mtoto mlango wa dunia nzima halafu unapanda lori unaondoka. Akasema, "Mama watoto, dunia imebadilika." Wanaume wakiishiwa hoja husema dunia imebadilika.

Lakini kuna jambo nilikuwa nimeliona, na kwa ajili yake sikuitupa ile simu chooni. Safari moja kabla ya hapo tulikuwa kambi ya Karanga, jioni, ndani ya hema la chakula. Mmoja wa wageni wangu, mama mtu mzima kutoka Ulaya, alikuwa anakunywa supu huku anatazama simu. Akacheka peke yake, akabonyeza kitu, akaendelea na supu. Nikamuuliza kuna habari gani. Akaniambia mwanawe, aliye nyumbani kwao, ameomba nusu saa zaidi ya mchezo, naye amemkubalia. Nikaweka kikombe chini. Mtu amekaa juu ya mawingu, pua imemwiva kwa baridi, anamfungulia mtoto mchezo upande wa pili wa dunia kwa kidole kimoja! Nimezaliwa chini ya mlima huu, nimeona mwezi ukitoka nyuma ya Mawenzi, na bado nasema wazi kwamba jioni ile nilishangaa kuliko nilivyopata kushangaa. Nilimwomba anionyeshe tena, na tena, hadi supu yake ikapoa.

Basi simu ya binti yangu nikaiwekea programu kama ile. Ilikuwa inasema Kiswahili, ingawa Kiswahili cha kutafsiriwa, kama cha mgeni aliyejifunza ndani ya ndege. Saa tatu usiku simu inajifunga yenyewe. Programu mpya haiingii bila ombi kuja kwangu. Rafiki mpya haongezwi bila ombi kuja kwangu. Na kwa kuwa mimi nikishika kitu nakishika, nikafunga hata picha: hakuna picha inayotoka kwenye simu ile, kwenda kwa mtu yeyote chini ya jua, mpaka nibonyeze mimi. Ombi likija yanatokea maneno mawili, Ruhusu kwa kijani na Kataa kwa nyekundu. Nilijiona askari wa mpaka wa Namanga.

Tatizo ni kwamba askari huyu hupotea mawinguni wiki nzima kila anapopata wageni. Programu ilikuwa na dawa yake. Iliniuliza kama nataka mlezi wa pili, mtu wa kushika ufunguo mwingine. Nikamtaja mama yangu, ila ufunguo wa picha nikabaki nao peke yangu.

Mama anaishi Masama, kwenye kihamba, shamba la ukoo alikoolewa, migomba na kahawa na ng'ombe wawili bandani. Binti yangu alikuwa anakaa kwake akisubiri matokeo ya mtihani. Nilimnunulia mama simu kama ya mjukuu wake, nikamkalisha jikoni, nikamfundisha. Alishika upesi. Nikamwambia, "Mama, huyu mtoto ana maneno. Usibonyeze kijani hata akilia."

Akanitazama kwa dharau kabisa. "Nimelea saba. Kulia kwenu nilikuwa nakusikia kama mvua tu."

Nikaridhika. Nilisahau isale.

Kwa asiyekujua kwetu, masale, wingi wa isale, ni mimea ya majani marefu ya kijani inayopandwa mpakani. Kihamba cha mama kimezungukwa nayo pande zote, na kila mtu anajua kwamba pale ilipo ndipo ardhi ya mwenzako inapoanzia. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Mtu akikukosea, au akiwa na ombi zito kuliko maneno, huchuma jani la isale, hulifunga fundo, hukuletea kwa mikono miwili. Ukiletewa isale hukatai. Marehemu baba yangu hakusemezana na ndugu yake kwa muda mrefu sana kwa sababu ya mfereji wa maji, na siku baba mdogo alipoingia uani na jani mkononi, baba alisimama, akalipokea, akaita watu walete pombe ya mbege. Ugomvi ukafia hapo. Nilikuwa mdogo, nikaogopa kidogo. Sikuelewa jani linawezaje kumshinda baba.

Sasa safari yenyewe. Tulikuwa geti la Machame, wapagazi wanapima mizigo, wageni wangu watano wanafunga viatu, ombi likaingia. Binti yangu anataka kuweka programu ya kuchati. Nilijua ombi hilo limetokea wapi. Huyu mtoto anachora. Anachora kila kitu, kuku wa bibi yake, mikono ya bibi yake, na kuna mahali mtandaoni watoto huonyeshana michoro. Huko alikuwa amepata shabiki, msichana wa Arusha, kwa maelezo yake, wa miaka kumi na minne, anayesifia kila mchoro. Msichana huyo alitaka wahamie mahali pengine "tuongee vizuri". Moyo wangu haukulipenda lile "vizuri". Nikabonyeza nyekundu, nikavaa begi, nikapanda.

Siku ya pili tukafika Shira. Uwanda ule una mchezo wake: mara simu inakukaribisha Kenya, mara inakufa kabisa, mara inakumbuka kwamba uko Tanzania na kukumwagia kila kitu kwa pamoja. Alasiri ile ikanimwagia. *Ombi limekubaliwa na mlezi wa pili.*

Nilipiga palepale.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Baridi haijakuua?"

"Mama, umebonyeza kijani?"

Nilimsikia jogoo nyuma yake. "Nimebonyeza."

"Si nilikuambia mama! Si nilikuambia hata akilia!"

"Hakulia. Ameniletea isale."

Nikageuka, wapagazi wasinione uso.

"Amelifunga fundo," mama akaendelea, "amepiga magoti hapa jikoni, amelishika mikono miwili. Ulitaka nilirudishe?"

"Mama, hiyo ni simu! Isale linahusiana nini na simu?"

"Isale ni isale."

Wakati huohuo simu ikatetemeka sikioni. Nikaitazama. *Tahadhari. Mtu asiyejulikana amemwomba mtoto wako picha. Amemwambia asiambie mtu.*

Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Nakumbuka mpagazi anayekoroga uji, kunguru mkubwa wa mlimani mwenye shingo nyeupe akitembea kati ya mahema kama mwenye kambi. Nikapiga kelele, "Mama, mnyang'anye simu! Sasa hivi!" Lakini simu ilikuwa imekatika. Sikujua amesikia neno gani la mwisho. Nikabonyeza kitufe cha kuifunga simu ya mtoto kutoka mbali, na kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakata tamaa. Nilizunguka kambi nzima nimeinua mkono juu, wapagazi wakidhani nafanya maombi. Hawakukosea sana.

Kwa nini sikushuka? Watu wameniuliza. Nilikuwa na wageni watano, mmoja ametapika tangu mchana, na kipimo cha oksijeni kidoleni mwake kilikuwa hakinipendezi. Mtu anayekufuata mlimani amekupa pumzi yake uishike. Asubuhi yake mpagazi mmoja alikuwa anashuka na homa, nikamtuma apite Masama amwambie mama achukue ile simu. Lakini ujumbe wa miguu hufika jioni, na picha hufika kabla hujameza mate.

Tukapanda kuelekea mnara wa mawe, ule mwamba mrefu. Ni jangwa, mawe meusi na upepo. Nilitembea mbele nikihesabu pumzi za mgeni wangu mgonjwa, na kichwani natunga hotuba. Nilimtungia binti yangu hotuba kali ambayo sijawahi kumpa mtu. Ilikuwa na sehemu ya kunizunguka mimi, sehemu ya kumchezea bibi yake, sehemu ya baba yake na lori lake. Nikimaliza naanza upya, kali zaidi. Na chini ya hotuba kulikuwa na hofu, nayo haikuwa na maneno. Mgeni yeyote anayekwenda kwa mama yangu hupita kwenye masale kwanza, halafu mbwa, halafu hubisha hodi, halafu humwamkia mama, ndipo aonyeshwe kigoda. Huyu wa kwenye simu alikuwa amepita juu ya vyote hivyo bila kuinamisha hata jani. Alikuwa ameketi kitandani kwa mwanangu, na mbwa hakubweka.

Pale kwenye mnara, wageni wakinywa chai, simu ilimeza mtandao funda moja tu. *Mtoto wako anaomba kutuma picha 1. Bonyeza kuona.*

Nikabonyeza. Kiduara. Halafu mtandao ukaondoka.

Ombi halikusema picha ni ya nini, wala inakwenda kwa nani. Kwamba ilikuwa bado haijatoka nilijua, kwa sababu nilikuwa nimefunga hata picha, na nilimshukuru Mungu kwa roho yangu mbaya ya kufunga kila kitu. Lakini mtoto aliyezuiwa mlango mmoja hutafuta dirisha. Kama amekubali kupiga picha ile, basi amekubali, hata kama imekwama kwenye kidole changu. Nilitaka kujua kama bado ni mtoto wangu niliyemwacha.

Barranco, kambi yetu ya usiku ule, ni bondeni, na mtandao haujawahi kushuka huko. Tulilala. Yaani wao walilala.

Asubuhi kuna ukuta. Wageni wakiutazama kutoka kambini hudhani natania, maana unaonekana umesimama wima hadi mbinguni, na juu yake wanaona vitu vidogo vya rangi vinasogea, ambavyo ni wapagazi wenye mizigo kichwani. Unapanda kwa mikono na miguu. Kuna mahali unakumbatia jiwe kifua kwa kifua na kulizunguka. Niliwapandisha mmoja mmoja. Weka mguu hapa. Nipe mkono. Usitazame chini, nitazame mimi. Mgonjwa wangu alikuwa amepata nafuu, akawa anaimba. Nilikuwa nampa kila mmoja mkono huu, na mkono mwingine unagusa mfuko wa koti kuhakikisha simu ipo karibu na mwili, isife kwa baridi.

Tukatoka juu.

Nimetoka pale mara nyingi na kila mara hunikata pumzi. Mlima uko nyuma yako, mweupe, mkubwa kupita akili. Mbele yako hakuna kitu, ni mawingu tu yametandazwa mpaka mwisho wa macho, na Meru imechomoza peke yake kwa mbali. Chini ya yale mawingu kuna Moshi yote, soko, hospitali, bodaboda zinapigiana honi. Kuna mashamba ya Kahe huko tambarare. Na huku upande wa kulia, chini kabisa, kuna kihamba kimoja Masama chenye bibi na mtoto na ng'ombe wawili. Wageni wangu walisimama ukingoni. Mmoja alilia. Nikakaa juu ya jiwe, nikatoa simu.

Mtandao ulikuwa mwingi kama maji ya masika.

Picha ilifunguka kuanzia juu, polepole, kama mtu anavyoteremsha pazia. Kwanza ukaonekana ukuta wa jiko wa mama, mweusi kwa moshi. Nikashika mdomo. Kisha ukingo wa meza. Kisha kikombe cha bati cha mama chenye mstari wa bluu. Kisha kitu kirefu cha kijani, na sikukielewa, nikakitazama kama mtu aliyesahau kusoma. Hapakuwa na uso wa mtu. Hapakuwa na mtu kabisa.

Lilikuwa jani la isale. Limefungwa fundo. Limelazwa juu ya kitambaa cheupe cha kanisani cha mama, na chini kabisa, kwa herufi za kijani, programu imeandika: *Picha inakwenda kwa: Mama.*

Sikuwahi kulia mlimani. Nililia.

Alikuwa ananiletea mimi. Hakuwa na njia ya kunifikia mawinguni na jani mkononi, kwa hiyo akalilaza mezani, akalipiga picha, na picha ile ikasimama mlangoni kama nilivyoamuru, ikanisubiri siku nzima na usiku mzima nije niifungulie mwenyewe. Jani la mpakani mwa kihamba limepita migomba, limepita msitu, limepita mahali ambapo hakuna kinachoota, limenifuata hadi juu ya ukuta. Nilitazama chini kwenye mawingu nikatafuta njia liliyopita, kama mjinga, kana kwamba ningeiona. Sijui nani aliyetengeneza chombo hiki, na sijui kama alipata kuota kwamba kitabeba kitu kama hicho.

Ndipo nikakumbuka hotuba yangu.

Maana isale si ua la kufurahia. Likipokewa, hotuba imekwisha. Hakuna fimbo, hakuna kusimanga, hakuna kumkumbusha jambo hili siku atakapokosea lingine. Nilitembea jangwa zima naitunga hotuba ile, na ilikuwa nzuri. Chini ya picha yakanisubiri yale maneno mawili, kijani na nyekundu. Nilikaa nayo kidogo. Nilimwona baba yangu amesimama uani mbele ya ndugu yake.

Nikaishika simu kwa mikono miwili, kama inavyopasa, nikabonyeza Ruhusu.

Haikupita muda ikaita, namba ya mama yangu, lakini sauti ya binti yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Picha nyingine umetuma? Kwa yule?"

"Hapana mama. Naapa." Akaanza kulia, kisha maneno yakatoka kwa mkupuo. Yule rafiki alikuwa ametaka picha yake, na asimwambie mtu. Mara programu ikatokea mbele ya kila kitu na Kiswahili chake kibovu, ikamuuliza: *Je, unajua mtu huyu kwa uso?* Mtoto akafikiri, akaona hamjui kwa uso. Akamwandikia: sawa, lakini kwanza piga video umwamkie bibi, kwetu mgeni humwamkia bibi kwanza. Yule akasema kamera imeharibika. Mtoto akasema basi kwa sauti tu. Yule akakataa. Akaombwa tena, akawa mkali, akatukana.

"Mama," binti yangu akasema, na alikuwa anashangaa kweli, "mtu gani anakataa kumpa bibi shikamoo?"

Hapo akafunga mazungumzo, akaipeleka simu jikoni mwenyewe, akamwambia bibi yake yote, akachuma jani lingine akalipiga picha, ndipo bibi akaificha simu. Mpagazi wangu alipofika jioni na ujumbe wa kumnyang'anya mtoto simu aliikuta kabatini, nyuma ya unga, akapewa mtori wa ndizi akala akasahau homa. Niliposhuka tuliipeleka polisi, dawati la jinsia na watoto, wakachukua maneno yote ya yule mtu, maana programu ilikuwa imeyahifadhi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale juu ya ukuta nilisikia sauti ya mama yangu ikija kutoka mbali, kutoka kwenye moshi wa jiko, ikisema kitu kwa Kichagga.

"Bibi anauliza," binti yangu akasema, akivuta kamasi. Nilijua swali, na nilijua kwamba si bibi peke yake anayeuliza. "Anauliza, umelipokea?"

Wageni wangu walikuwa wamegeuka wananitazama, mwongozaji wao analia mchana kweupe.

"Mwambie nimelipokea," nikasema. "Mwambie kwa mikono miwili."